Tuta la Giligilani Kati ya Majabali

Mara ya kwanza nilipoonja giligilani nilifikiri supu imeingiwa na kunguni. Nilikuwa na majuma machache tu tangu niolewe. Mama mkwe alikuwa ameshuka kwenye treni siku iliyotangulia, akitokea Manyoni, na sanduku la bati, mkeka, na kopo lenye majani mabichi ambalo hakukubali mtu mwingine alibebe. Asubuhi akayachuma majani yale, akayakatakata, akayatupia kwenye sufuria ya kuku iliyokwisha teremshwa mafigani, akanipa bakuli. Nikanusa, nikaliweka chini.

"Vipi?" akaniuliza.

"Mama, inanuka kunguni."

Mume wangu aliacha kutafuna. Mama mkwe alilichukua bakuli langu, akaimimina supu kwenye bakuli la mwanawe, kisha akaniambia kuna uji wa uwele kwenye chungu nikiutaka. Nilikunywa uji. Nilisikia aibu, lakini kwa kweli ile harufu ilinishinda.

Hapo ni Singida mjini, wakati wa Mwingereza, kwenye kota za reli, siku ambazo treni bado ilikuwa inapanda kutoka Manyoni ikitufikia na kupita kwenda Iramba. Mume wangu alikuwa mtu wa stesheni. Aligeuza njia za treni, akapunga bendera, na jioni akawasha taa za ishara. Mimi ni Mnyaturu wa Unyambwa, karibu tu na mji, mwendo wa miguu. Baba yangu alikuwa na ng'ombe na mashamba ya uwele, na mama yangu alikuwa mtu wa kanisa. Mume wangu alikuwa Mwislamu, wa ukoo uliotoka Tabora ukaifuata reli mpaka Manyoni. Nilipoolewa mama alinililia kama nimekufa, ingawa treni ikipiga honi stesheni kwetu aliisikia akiwa uani kwake. Baba alisema tu kwamba kijana anasalimia vizuri, na mtu anayesalimia vizuri anaweza kuishi na mtu.

Mama mkwe alikuwa mjane. Baada ya kumzika mumewe Manyoni alikaa kwa ndugu kwa muda, halafu mwanawe akamwita aje kwetu. Alikuwa mwanamke mrefu, msafi, asiye na maneno mengi. Kiswahili chake cha Tabora kilienda mbio. Changu kilikuwa kizito, kimejaa Kinyaturu, na mara nyingi alinitaka nirudie nilichosema. Kila asubuhi nilipiga magoti, "Shikamoo mama," naye akaitikia "Marahaba, mke wa mwanangu." Hivyo ndivyo alivyoniita. Nilimwogopa.

Lile kopo alilitunza kama mtoto mchanga. Asubuhi alilitoa nje lipate jua changa, na jua lilipokuwa kali alilirudisha ndani, chini ya dirisha. Alichuma majani ya pembeni tu, akauacha moyo wa mche. Kuku, maharage, samaki wa kukaanga, chochote alichopika, majani yale yaliingia mwisho kabisa, chungu kikiwa tayari kimetoka motoni.

"Ukiipika umeiua," aliniambia siku moja nilipokuwa nikimtazama. Nadhani ndiyo mara ya kwanza alinieleza jambo bila kuulizwa. "Hii haipikwi. Hii inasalimiana tu na chakula."

Lakini kopo halikufika mbali. Kipupwe kilipokwisha, jua la Singida likaanza kuchoma. Mche ukarefuka ghafla kama msichana anayevunja ungo, majani yakawa membamba kama nyuzi, yakatoka maua madogo meupe, na baada ya hapo hakukuwa na jani la kuchuma. Alingoja mbegu zikauke, akazifunga kwenye pindo la kanga. Mvua zilipoanza akazipanda nyuma ya kota. Zikaota, zikaoza. Mvua zilipopungua akapanda tena, safari hii kando ya ukuta wa stesheni, na mimi nikamsaidia kubeba maji. Kisima cha mji kilikuwa na msururu, kwa hiyo tulichota ziwani, Singidani, jirani kabisa. Maji yale yana magadi. Udongo ukafanya ukoko mweupe, na miche iliyosalia ikapukutishwa na upepo. Upepo wa Singida hauna siku ya kupumzika. Tulisimama pale, mimi na yeye, tukitazama tuta lililobaki na miche michache iliyojificha nyuma ya jiwe moja.

"Jiwe hili lina huruma kuliko sisi," alisema, na nikamwona anacheka kwa mara ya kwanza.

Mwaka huo huo, baridi ilipokuwa kali, mimba yangu ya kwanza ikaharibika. Ilikuwa imeshakua. Mtoto alizaliwa hana pumzi, wa kiume. Mume wangu alikuwa kazini, alikuja kuambiwa stesheni huku treni ikiwa imesimama na hawezi kuiacha. Mama mkwe ndiye aliyekuwa na mimi. Alinikanda kwa maji ya moto, akanifunga tumbo kwa kanga, akafukiza udi chumbani, akalala chini kando ya kitanda changu. Hakuniambia nisilie, wala hakuniambia ni kazi ya Mungu, maneno ambayo kila aliyeingia alinipa. Nilikaa muda bila kula. Aliniletea uji, mtori wa ndizi zilizoshuka na treni, maziwa, nikageuza uso ukutani.

Halafu asubuhi moja ile harufu ikanifikia kutoka jikoni. Sijui kwa nini, lakini haikuwa ya kunguni tena. Ilikuwa ya kitu kibichi, kitu kilichotoka kukatwa sasa hivi, chenye uhai. Nikasema, "Mama, naomba supu yako ile."

Alikuja nayo mwenyewe. Aliketi akanishikia bakuli mpaka nikaimaliza. Baadaye nilipotoka nje kuota jua nikaona nyuma ya lile jiwe hakuna kilichobaki. Alikuwa ameyachuma yote, na moyo wa mche pia.

Nilipopata nguvu za kutembea, mume wangu alinipeleka Unyambwa nikapumzike kwa mama yangu. Mama mkwe alikuja kunitazama kwa miguu, jua la saa nne, amejifunika kanga dhidi ya vumbi. Baada ya salamu na maziwa ya mgando nikamwonyesha nyumbani kwetu. Nyuma ya tembe la baba kuna majabali makubwa, yamepangana kama ng'ombe waliolala. Kati ya mawili kuna njia nyembamba, na ndani yake uwazi kama chumba kisicho na paa. Mvua ikinyesha, maji hujificha chini ya mawe na kutoka taratibu pale miezi mingi baadaye. Utotoni tulikuwa tunakwenda kulamba jiwe lenye unyevu. Jua huingia asubuhi, likipanda tu mawe yanalizuia, na upepo unapita juu bila kushuka.

Mama mkwe alisimama mle ndani. Aliinama akachota udongo, akaunusa, akaufinya. Kisha akatoka moja kwa moja kwenda kwa baba yangu, aliyekuwa anatengeneza mpini wa jembe.

"Mkwe wangu," alimwambia, "naomba pale kati ya mawe."

"Pale hapalimiki," baba akasema. "Hata mbuzi hawaingii."

"Ndiyo maana napataka."

Baba alinitazama, kama anaomba nimfasirie. Nikamwambia kwa Kinyaturu kwamba mama anataka kupanda majani ya mboga. Baba akacheka, akasema kama ni majani tu achukue na jiwe lenyewe.

Miaka iliyofuata, masika yakiisha na umande ukianza kuwa baridi, tulikwenda Unyambwa kupanda. Alinifundisha kila kitu kwa mikono. Mbegu ya giligilani ni ya mviringo, na ndani yake ni mbili. Unaiviringishia chupa juu ya jiwe polepole mpaka ipasuke katikati, usiiponde. Unailowesha usiku mmoja, unaifunga kwenye kitambaa chenye unyevu. Unaipanda pale pale itakapoishi, kwa sababu haipendi kuhamishwa. Unafunika kwa udongo laini na nyasi kidogo, halafu unangoja mpaka unakata tamaa. Ukishakata tamaa ndipo inatoka, na majani yake ya kwanza yanakudanganya: ni marefu, hayana meno, unaweza kudhani ni magugu. Nilikaribia kuyang'oa. Alinishika mkono.

Tulipopunguza miche alinipa ile iliyong'olewa nile mbichi, mzizi na yote. Tukachuma mafungu, tukayafunga kwa ukili, tukayafunika kwa kitambaa cha maji na kuyawahisha mjini kabla hayajalegea. Wake wa Wahindi wa madukani walitupokea mlangoni kwa furaha. Walituita ndani, wakatupa sukari, binzari, siku nyingine kipande cha kitambaa. Waliiita kotimiri. Mmoja alikuwa akiinusa huku amefumba macho kabla hata ya kutusalimu, na mama mkwe alikuwa akimtazama kwa namna ya mtu anayemwelewa. Sikumbuki ni lini hasa aliacha kuniita mke wa mwanangu akaanza kuniita mwanangu. Sikuliona jina likibadilika. Nilisikia tu siku moja kwamba limeshabadilika.

Kisha ikaja habari kwamba Mwingereza anaing'oa reli. Wengi hawakuamini. Tulikuwa tumezoea vitu vya serikali vikishajengwa vinakaa. Lakini walianza kweli, kule mwisho wa njia, Iramba, wakaja wakiing'oa kuelekea kwetu, na vyuma vikapakiwa kwenye mabehewa vikirudi nyuma kwa kutumia njia ile ile ambayo ingeng'olewa kesho yake. Mume wangu aliwekwa kwenye kundi la wang'oaji. Alikuwa ametunza njia ile kwa miaka, akiikagua, akiipaka mafuta, na sasa alipewa nyundo. Walipofika Singida alilala nyumbani. Alikuja jioni mikono imechubuka, akakaa mlangoni bila kuvua viatu.

"Chuma kile hakikuwa na ubaya wowote," alimwambia mama yake.

"Kinakwenda wapi?"

"Magharibi. Porini, kupita Tabora. Kuna njia mpya. Na sisi tunakwenda nacho."

Uso wa mama mkwe ulibadilika aliposikia jina la Tabora. Mume wangu alisema akishapata nyumba huko atatuita sote. Asubuhi aliyoondoka nilimpikia supu, nikatupia giligilani mimi mwenyewe, akainywa amesimama. Kisha wakaendelea kung'oa kuelekea kusini. Siku za mwanzo tulizisikia nyundo zao wazi kabisa. Kila siku zilisogea mbali kidogo. Tulikuwa tukiacha kazi tusikilize, hata bila kuambiana. Mwisho ikawa tunazisikia tu upepo ukigeuka, na baada ya hapo upepo ukawa unakuja mtupu.

Kota zilitakiwa. Baba alitupa kijumba karibu na majabali, na huko ndiko tulikoishi, mimi na mama wa mume wangu, kwenye boma la Wanyaturu. Ilikuwa jambo la ajabu kwa majirani. Yeye aliswali kwenye mkeka wake mlangoni huku mama yangu akiimba nyimbo za kanisani jikoni. Baba akitaka kuchinja mbuzi ilibidi amwite jirani Mwislamu achinje, ili mgeni wake ale. Alinung'unika kila mara, na kila mara alimwita.

Habari za mume wangu zililetwa na madereva wa malori. Mtu angesimama sokoni aulize nyumba yetu, aseme, "Yule bwana wa reli anawasalimu, mzima." Ni hayo tu. Tulimwuliza amekonda, amenenepa, anakaa wapi, na dereva angesema yeye mwenyewe hakumwona, aliambiwa na mwingine. Ruhusa hawapewi, walisema. Njia ikiisha watapewa. Njia haikuisha.

Nilimtamani kwa njia ambayo sikujua kuisema. Kilichoniumiza zaidi ni mambo madogo. Kwamba nauweka mto upande mmoja tu wa kitanda. Kwamba nasikia filimbi ya mchunga mbuzi na moyo unaruka. Kipupwe kilipokuja tulipanda, tukachuma, mbegu zikakauka, tukazifunga, na kipupwe kingine kikaja. Tulipokuwa tumeinama tutani hatukumtaja sana. Tulizungumza habari za maji, za chawa wa mimea, za mche ulioelekea kutoa maua mapema. Lakini kila fungu la kwanza la mwaka tulilipikia supu, na tulitenga bakuli la tatu. Jioni tuligawana tukalimaliza.

Kaka yangu mkubwa hakuipenda hali hiyo. Siku moja alinikalisha chini mbele ya baba. Kulikuwa na mtu wa Nduguti, mfugaji, aliyefiwa na mkewe, ameniulizia.

"Wewe bado kijana," kaka alisema. "Huna mtoto. Mume huna habari naye. Mahari ya watu tutarudisha."

Baba aliniachia niseme mwenyewe. Nilisema nitafikiri. Nilipotoka nikamkuta mama mkwe majabalini, anamwagilia kwa kibuyu. Alikuwa ameshasikia. Kwenye boma hakuna siri.

"Nenda," alisema bila kugeuka. "Nitakuombea. Mimi nitarudi Manyoni, kuna wadogo zangu."

"Unataka niende?"

Hapo akageuka. "Sitaki," akasema. "Lakini mimi si wa kuulizwa hilo."

Nilimpokea kibuyu nikaendelea kumwagilia pale alipoishia. Jioni nilimwambia baba hapana. Kaka alininunia mwaka mzima.

Baada ya hapo mama mkwe akaanza kuugua. Miguu ilivimba, pumzi ikawa fupi, akipanda kale kamwinuko ka kwenda majabalini alisimama njiani akijifanya anatazama ndege. Tulimpeleka hospitali ya mjini kwa machela, akapewa dawa, akapata nafuu, akaugua tena. Ukafika ule msimu wa joto kabla ya mvua, nchi nzima imekuwa rangi ya vumbi. Chakula kilimkinaisha. Nilijaribu mlenda, nikajaribu maziwa, nikajaribu asali kwenye uji. Alionja akaniambia ni kitamu, akakirudisha.

"Kinywa changu kimekuwa cha udongo," alisema. "Ningepata jani moja tu la giligilani." Kisha akatikisa kichwa, kama mtu aliyesikia upuuzi wake mwenyewe. "Acha. Si wakati wake."

Si wakati wake kweli. Alinifundisha yeye. Joto lile giligilani hainyanyuki, na ikinyanyuka inakimbilia maua. Lakini nilizichukua mbegu. Nyuma kabisa ya ule uwazi kuna ufa ambao majabali mawili yanakaribia kugusana, jua halifiki ila asubuhi kidogo, na jiwe huwa baridi hata mchana. Nilibeba udongo nikaujaza humo. Nikapanda, nikatandika gunia lililoloweshwa, nikaezeka nyasi juu. Chemchemi ya majabalini ilikuwa imekauka. Maji yalichimbwa mbali, mchangani, na watu walikuwa wakikaa foleni na mifugo yao. Mama yangu aliniona nikipita na kibuyu.

"Ng'ombe wanalala na kiu na wewe unanywesha jiwe?" aliniuliza.

Nikamwambia ni maji yangu ya kuoga. Ilikuwa kweli. Niliacha kuoga, nikawa najifuta na kitambaa. Mama alinitazama akaenda zake. Kesho yake nikakuta mtungi mdogo umewekwa mlangoni kwa ufa, umejaa. Hakuwahi kuniambia ni yeye.

Zilitoka. Si zote. Vishina vilikuwa vyembamba kama uzi, vyeupe, na vingine vikalala siku ile ile. Nilikuwa naingia kule kila asubuhi nikiogopa kutazama. Michache ikasimama, ikatoa majani ya meno, madogo kuliko ukucha. Nilingoja kadiri nilivyothubutu, maana nilimwona mgonjwa anavyokwenda.

Siku niliyoamua kuchuma, mama yangu alikuja na kuku wake, jike aliyekuwa anataga. Sikumwomba. Alimbeba mwenyewe mpaka kwa yule jirani Mwislamu akachinjiwa, mama yangu ambaye siku ya harusi hakutaka hata kuingia chumba ambacho sheikh ameketi. Alirudi naye kamning'iniza miguu, akanyonyoa, akapika, nami nikakatakata yale majani juu ya kifuniko. Hayakujaa kiganja. Tukateremsha sufuria kwanza.

Nilimwinua mama mkwe nikamwegemeza kifuani kwangu. Alishika bakuli kwa mikono miwili akanusa, akakaa hivyo muda mrefu, mvuke ukimlowesha uso. Kisha akanywa, mafunda machache.

"Haina nguvu," alisema. Akanywa tena. "Lakini ndiyo yenyewe."

Akaanza kuzungumza, yeye ambaye hakuwa na maneno mengi. Alituambia habari za uani kwa mama yake Tabora, kisima kilichokuwa katikati, matope yake baridi ambayo walikatazwa kuyakanyaga wakayakanyaga, na mama yake akichuma kwa kucha, tik, tik, bila kutazama, huku anazungumza na majirani. Alikuwa hajarudi tangu aolewe. Reli ilimpitisha mbele siku zote, kituo baada ya kituo, haikumrudisha. Mama yangu alikaa mlangoni akisikiliza. Hakukielewa vizuri Kiswahili kile cha haraka, lakini alikuwa anaitikia kwa kichwa.

Mama mkwe alifariki mvua za kwanza ziliponyesha, adhuhuri, sauti ya maji juu ya paa la udongo. Wanawake wa Kiislamu walikuja kutoka mjini kumwosha, nami nikaosha miguu yake. Wanaume wakambeba. Mama yangu alisimama kando ya njia mpaka jeneza lilipopita, akafanya ishara ya msalaba, kwa sababu hakujua jingine la kufanya.

Mume wangu alifika baada ya matanga. Alishuka mjini kwenye lori akaja kwa miguu, na nilimwona kwa mbali nikafikiri ni mtoza kodi. Alikuwa amekonda, ndevu zina mvi, anatembea kama anahesabu mataruma ya reli. Nilipiga magoti nikamsalimu. Akatazama mlango nyuma yangu.

"Mama yuko ndani?"

Nikamwita baba. Baba ndiye aliyemshika mkono akampeleka kaburini. Aliporudi akaniomba nimwonyeshe majabali. Aliingia kwa ubavu, maana njia ni nyembamba, akaketi chini mle ndani mgongo umeegemea jiwe, akalia kwa sauti. Nilisimama nje. Sikujua kama ninaruhusiwa kuingia kwenye kilio chake. Baadaye aliniambia aliomba ruhusa tangu aliposikia kwa dereva kwamba mama hajiwezi, akanyimwa, akaomba tena. Sikumlaumu. Ila tulikaa miezi tukizungumza kama wageni wawili waliopanga nyumba moja.

Akapata kazi Manyoni, kwenye njia kuu, nami nikaenda naye. Mungu alinipa watoto huko, wakawa wengi kunishinda. Nilipanda giligilani kwenye makopo, wakati wa baridi tu, nikapata ya kutosha mboga. Nikitazama nyuma sikuwa na maisha mabaya. Lakini upepo wa Juni ukianza nilikuwa nashikwa na kitu, kazi inanilalia mikononi. Majirani wa kota waliniuliza nina msiba gani.

"Nimemkumbuka mama mkwe," niliwajibu.

Wakacheka sana. Mmoja akasema yeye wake angemrudisha kwao kwa treni ya kwanza. Nilicheka nao. Sikuwaeleza kwamba miaka ile nilifikiri ninamngoja mwanamume, na nilimngoja kweli, kwa uchungu, na Mungu alimrudisha. Na sasa yupo hapa, anakoroma usiku karibu nami, lakini ninachokitamani ni ile miaka ya kumngoja.

Jioni moja mume wangu alikuwa amekaa mlangoni akinitazama ninavyochuma kwa kucha, akaniuliza jambo ambalo hakuwahi kuliuliza.

"Kule majabalini, wewe na mama, siku zote zile, mlikuwa mnazungumza nini?"

Nilifikiri. Nilitaka kumpa kitu kizuri, maneno ambayo mtoto angependa kuyasikia ya mama yake. Sikuyapata.

"Habari za maji," nilimwambia. "Kama yatatosha. Na upepo."

Treni ya mizigo ilikuwa inaingia stesheni, akaisikiliza mpaka ikasimama, kama ilivyokuwa kawaida yake hata siku ambazo zamu haikuwa yake.

"Ningependa na mimi ningekuwapo," akasema.

Nikasogea kidogo, akaja akakaa chini karibu nami.